Picha ina kosa, kasoro au hitilafu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza kazi katika kliniki ya meno kando ya Ngong Road hapa Nairobi. Daktari ameniagiza niandike kwa Kiswahili karatasi ya kubandika kwenye chumba cha eksirei, ieleze jinsi ya kutambua picha mbaya na la kufanya. Juu nimeandika “Makosa ya Picha”. Mwenzangu anasema ni “Kasoro”. Fundi aliyekuja kuangalia mashine akacheka, akasema kwao huitwa “hitilafu”. Nani yuko sahihi? Tena niliandika “jino limerefuka”, “meno yamepandana” na “picha imekatika”. Daktari ameyapigia yote matatu mstari mwekundu bila kusema neno.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nyote watatu mko sahihi, na ndiyo maana hamsikilizani: kila mmoja anataja kitu chake.

Kosa lina mwenyewe. Limetoka kwenye kitenzi kukosa, kama mtu aliyelenga embe akalikosa. Ukisema kosa, tayari umeshamtafuta aliyelenga. Kasoro ni upungufu, na unaitamka kila siku bila kufikiri: saa tatu kasorobo ni saa tatu iliyopungukiwa na robo. Kitu chenye kasoro kimepungukiwa, awe yuko wa kulaumiwa au hayuko. Hitilafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tofauti, hali ya vitu kutopatana. Kiswahili cha leo kimeipeleka zaidi kwenye mitambo, ndiyo maana stima ikipotea tunaambiwa kuna hitilafu. Fundi wako hakukosea; alijibu kama fundi.

Sasa chukua picha moja tu iliyotoka imepauka, mizizi ya meno haionekani vizuri. Huo mpauko ni kasoro, nayo ndiyo unayoiona kwa macho. Chanzo chake bado hukijui. Pengine uliweka muda mfupi, au ulitia filamu kinywani ikiwa imegeuka, mgongo ukaelekea mionzi. Hilo ni kosa, na lile la filamu kugeuka hujitaja lenyewe, kwa sababu karatasi ya risasi iliyo mgongoni mwa filamu huacha alama pichani kama za tairi lililopita kwenye matope. Pengine ulifanya kila kitu sawasawa, ila mashine haitoi mionzi inavyotakiwa. Hiyo ni hitilafu, aitwe fundi. Kwa hiyo juu ya karatasi yako andika “Kasoro za Picha”, kwa kuwa msomaji huanza na anachokiona, halafu makosa na hitilafu ziingie chini yake kama vyanzo.

Neno “kusahihisha” liachie madaftari ya wanafunzi. Picha iliyokwisha kupigwa haisahihishwi. Kwenye kompyuta unaweza kuongeza au kupunguza weusi wake kidogo, lakini jino lililopotoka umbo hulinyooshi kwa kubofya. Unachorekebisha ni mkao, pembe au muda, kisha unapiga picha nyingine. Na picha nyingine maana yake mgonjwa anapata mionzi mara ya pili, kwa hiyo “kurudia” ni neno la kuandika kwa uchungu kidogo.

Tuje kwenye mistari myekundu. Nadhani namwelewa daktari wako. Tatizo la “jino limerefuka” halimo kwenye sarufi, sarufi yake ni safi. Tatizo ni kwamba umelisema jino badala ya kuisema picha. Jino liko kinywani mwa mtu, halijabadilika hata kidogo. Kilichorefuka ni kivuli chake. Simama uwanjani Uhuru Park saa sita mchana, kivuli chako kinakaribia kulala miguuni. Rudi saa kumi na moja jioni jua likiwa limeinama, utajiona mrefu kama mnazi. Mionzi ya eksirei hufanya vivyo hivyo. Ukiilaza mno, yaani pembe ya wima ikiwa ndogo, jino pichani huwa refu, na dawa yake ni kuiongeza hiyo pembe. Ukiiinua mno, jino hutoka fupi kama kisiki, nawe unaipunguza.

Na huko kwenye ufupi ndiko hatari ya maneno iliko. Mzizi wa jino unaweza kufupika kwelikweli, kwa kuliwa taratibu ndani ya taya. Ukiandika kwenye faili “mzizi umefupika”, daktari wa kesho ambaye hakuwepo ulipopiga picha ataelewa nini? Ataelewa ugonjwa. Andika “mzizi umetoka mfupi pichani, pembe ilikuwa kubwa”. Yamekuwa maneno mengi, najua, lakini hayo ya ziada ndiyo yanayolitenganisha jino na kivuli chake.

“Meno yamepandana” lina mtego mbaya zaidi, kwa maana Waswahili wameshalitumia. Meno yaliyopandana ni yale yaliyosongamana kinywani, moja likamkalia mwenzake, ambayo watu huyafungia nyaya. Wewe unazungumzia jambo jingine: mionzi imepita kiupandeupande, haikupenya katikati ya jino na jino, kwa hiyo kuta zao zimeangukiana pichani na nafasi baina yao imefichika. Hapo meno yenyewe yanaweza kuwa yamenyooka kama safu ya askari. Mimi ningesema “yamefunikana”. Dawa yake ni kuigeuza pembe ya mlalo hadi mionzi ipite kwenye nafasi hizo, maana ndiko jino huanza kuoza bila mtu kuona.

“Picha imekatika” lina kasoro tofauti, na hapa naomba unistahimili nipige domo kidogo kuhusu kiambishi -ik-. Ni kiambishi chenye adabu kupita kiasi. Glasi imevunjika, nguo imechanika, maziwa yamemwagika: hakuna aliyevunja, aliyechana wala aliyemwaga. Nyumbani kinaokoa ndoa. Kwenye karatasi ya ukutani hakifai, kwa sababu msomaji anataka kujua nani afanye nini tofauti. (Achilia mbali kwamba vijana wa Nairobi wakisikia “kukatika” wanawazia muziki na kiuno.) Unachokiona ni sehemu ya filamu iliyobaki nyeupe tupu, mpaka wake umepinda kama mwezi mchanga ikiwa mdomo wa bomba la mashine ni wa duara, au umenyooka ikiwa ni wa pembe nne. Andika kilichotokea: “bomba halikuielekea filamu yote”. Mtu akisoma hivyo, mkono wake unajua pa kwenda.

Hukuniuliza, lakini kwa kuwa karatasi haijabandikwa, nitaongeza mambo machache.

La kwanza ni kile wanachokitafsiri wengine kuwa “kufichuliwa kupita kiasi”. Kufichua ni kutoa siri hadharani, na mionzi haikufichua siri ya mtu. Sema “mionzi imezidi”. Imezidi, tafadhali, tena mionzi mingi, siyo mengi: ni mwonzi mmoja, mionzi miwili, sawa na mkono na mikono. Kumbuka pia kwamba hapa mambo ni kinyume cha picha ya kamera. Picha ya harusi iliyopata mwanga mwingi hutoka nyeupe, sura za maharusi zikayeyuka. Eksirei iliyopata mionzi mingi hutoka nyeusi. Kwa hiyo “imeungua” asiandike mtu, kwani kila msomaji ataunguza kwa rangi yake. Andika “nyeusi mno” au “imepauka”.

“Doa” nalo linataka kivumishi na chanzo. Jino lililooza huonyesha sehemu nyeusi, maana mionzi hupita kwa urahisi pale palipoliwa. Lakini kwa wale ambao bado wanasafisha filamu kwa dawa, tone la dawa ya kwanza likirukia filamu mapema huacha doa jeusi pia, na tone la ile dawa ya kukazia huacha jeupe. “Doa la dawa” na “doa la jino” yasikae kwenye mstari mmoja.

La tatu ni ile picha kubwa ya taya zima, ambapo mashine humzunguka mgonjwa kichwa. Kidevu kikiinama mno, meno hupangika kama tabasamu lililozidi. Kikiinuliwa mno, safu hunyooka au hununa. Hayo yanasemeka vizuri kwa Kiswahili. Kinachosumbua ni herini iliyosahaulika sikioni, ambayo hutokea mara ya pili upande wa pili wa picha, juu kidogo na yenye ukungu. Nimeona mahali imeandikwa “picha ya mzimu”. Usimwonyeshe mgonjwa neno hilo. Mimi napendekeza “mwangwi wa herini”, kwa sababu ni kitu kilekile kinachorudi kutoka ng'ambo kikiwa kimefifia.

Na kulia ni kulia kwa nani? Picha hupangwa kana kwamba unamtazama mgonjwa usoni, kulia kwake kunakuwa kushoto kwako. Andika kila mara “kulia kwa mgonjwa”, hata ukiona unajirudia.

Mwisho, agizo la mdomo. Wengi humwekea mgonjwa kishikio cha filamu kinywani na kumwambia “uma”. Huyo mtu amekuja kwa sababu jino linamuuma. Kitenzi kimoja kinabeba kung'ata na maumivu, naye akili yake iko kwenye maumivu. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho nikaambiwa “uma kidogo”, nikajibu “ndiyo, linauma kidogo”, na picha ikapigwa mdomo ukiwa wazi. Mwambie “ng'ata hapa, usiachie”, kisha mwambie lini aachie, maana wengine hubaki wameng'ata hadi mlangoni.