Pampu ya pumu haisaidii? Huenda kinachobana ni koo

Shikamoo daktari. Natumia pampu ya bluu mara 8 kwa siku, bado nabanwa. Kwa nini?

Marahaba. Weka kidole panapobana. Kikiishia kooni, na hewa ikawa ngumu kuingia kuliko kutoka, nyuzi za sauti zichunguzwe. Ukivuta pumzi, nyuzi hizo mbili hutakiwa kuachana; zikigoma, hukaribiana na kubakiza upenyo mdogo tu kwa nyuma. Pampu hulegeza misuli ya njia za hewa mapafuni, si koo. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako, maana mtu huweza kuwa na pumu na tatizo hili kwa pamoja. Mara 8 kwa siku ni nyingi mno. Onana na daktari leo.

Kipimo cha kupuliza kimetoka safi. Nimepona?

Hapana. Dalili zikitulia, kipimo huweza kuwa cha kawaida, hata kwa mwenye pumu. Omba upimwe pia unapovuta hewa kwa nguvu, hatua ambayo mara nyingi hurukwa. Mchoro wa kipimo, sehemu ya kuvuta hewa, ukiwa bapa, koo linashukiwa. Uthibitisho ni kamera nyembamba inayopitishwa puani na daktari wa masikio, pua na koo, dalili zikiwapo. Ndiyo maana wengine hukimbishwa kwanza kwenye mashine ya mazoezi, ili dalili zijitokeze. Ukiangaliwa umetulia, koo litaonekana zima.

Mwanangu wa miaka 14 hubanwa akikimbia. Nitatofautishaje?

Tazama saa. Koo hubana mbio zikiwa zimepamba moto, kwa mlio wa kuvuta hewa, kisha huachia ndani ya dakika chache za kupumzika. Pumu mara nyingi huzidi baada ya kusimama, na mlio wake husikika zaidi hewa ikitoka. Mrekodi kwa simu, shingo ionekane na mlio usikike. Video hiyo humsaidia sana daktari.

Tiba ni nini?

Mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye nguzo. Atakufundisha hivi: shusha mabega, legeza ulimi, nusa haraka mara mbili kwa pua, kisha toa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unayeyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima. Fanya kila siku ukiwa mzima. Wanaosubiri shambulio ndipo wajaribu hushindwa, kwa kuwa hofu huzidi kukaza koo. Kiungulia nacho huweza kuchokoza koo, kitibiwe: maliza kula muda wa saa tatu hivi kabla ya kulala.

Midomo ikigeuka bluu au ukishindwa kumaliza sentensi, kimbilia hospitali.