Diklofenaki si maandalizi ya kupanda Karthala

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi wa nane tunakwenda Ngazidja, kisiwa cha Komoro, watu wanne, kupanda mlima wa volkano wa Karthala kwa siku tatu. Nacheza mpira kila wiki, pumzi ninayo, ila magoti huniuma nikishuka. Rafiki yangu aliyewahi kwenda kanishauri nimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, kila asubuhi, na nibebe lita mbili tu za maji ili mzigo uwe mwepesi. Ni sawa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Si sawa hata kidogo, na ushauri huo nausikia karibu kila wiki.

Karthala ina mita 2,361. Wengi huanzia Mvouni, juu kidogo ya Moroni, kwa hiyo utapanda karibu mita 2,000 kisha uzishuke zote. Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua ni nyingi, lakini miamba ya volkano ina matundu na maji yote huzama ardhini. Watu wa vijijini hutegemea matangi ya maji ya mvua. Huko juu hakuna pa kujaza chupa. Hesabu lita nne mpaka tano kwa siku, kisha mlipe mchukuzi awasaidie kubeba.

Sasa hicho kidonge. Mwili ukipungukiwa maji, figo hutegemea kemikali fulani ili mishipa yake ibaki wazi na damu iendelee kupita. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali hiyo hiyo. Wakati huohuo, kwenye mteremko misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na nyuzi zake huchanika. Mabaki yake huingia kwenye damu, na wa kuyachuja ni figo zilezile ulizozinyima maji na kuzibana kwa dawa. Figo za kijana mzima kabisa zinaweza kusimama namna hiyo, nawe uko safari ya siku nzima kutoka barabarani.

Mpira hauandai mapaja kwa kushuka. Hilo hufanywa na kushuka kwenyewe. Wewe uko Tanga, Lushoto si mbali. Anza wiki nane kabla: teremka mlima na mkoba mgongoni mara moja kila wiki, ukianza na kilo tano. Usipopata nafasi ya kwenda, shuka ngazi za jengo refu. Safari ndefu ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya kuondoka. Na hayo magoti yapimwe sasa, maana maumivu unayoyaficha kwa dawa hujui yanatoka wapi.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wa chupa za “stamina”. Wanawafuata wapanda Kilimanjaro, wakimbiaji wa marathoni, hata mahujaji wazee wanaojiandaa kutembea Makka. Baadhi ya dawa za aina hiyo zinazoitwa za mitishamba, zikipimwa maabara, hukutwa zimechanganywa na diklofenaki au steroidi bila kuandikwa popote. Mzee mwenye presha au kisukari anakunywa asubuhi na jioni, anasifu kwamba miguu imekuwa myepesi, na figo zinaharibika kimyakimya. Ukiwa naye nyumbani, iombe hiyo chupa uipeleke kwa daktari wake.

Na yeyote kati yenu, mlimani au nyumbani, akiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, asimeze kidonge kingine. Ateremshwe na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.