Mikaratusi inakatwa katika msitu wa umma: ni uharibifu au ni matunzo?

SWALI: Mtaalamu, hujambo? Mimi hutembea asubuhi katika msitu wa umma ulio karibu na mtaa wetu hapa Nairobi. Majuzi niliona mikaratusi imepigwa alama za rangi, na sasa sehemu nzima imefyekwa, magogo yamelazwa kando ya njia. Wasimamizi wanasema ni miti ya kigeni iliyokomaa, inaondolewa ili ya kiasili ipandwe. Majirani wanasema ni biashara ya mbao tu, na kundi letu la WhatsApp linachangisha pesa za wakili. Nani anasema kweli, na nitajuaje?

JIBU: Ndugu msomaji, sijambo. Pande zote mbili zaweza kuwa zinasema kweli. Mkaratusi uliokomaa ni nguzo ya umeme, ni mbao, ni kuni za kiwanda cha chai. Anayeukata atauuza, na sioni ubaya ikiwa pesa hizo zinalipia miche na vibarua wa palizi. Mkibishana kuhusu nia ya mkataji mtabishana hadi mvua zije. Afadhali mkague kinachokagulika.

Kwanza karatasi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inataka msitu wa umma usimamiwe kwa kufuata mpango wa usimamizi. Kwa kawaida mpango huo huugawa msitu: hapa miti ya kupandwa na kuvunwa, hapa msitu wa asili, hapa kingo za mto, hapa pa matembezi na burudani. Uliza kipande kilichokatwa kiko katika eneo gani, kina hekta ngapi, kitapandwa nini na msimu gani. Uliza pia rangi ilikuwa na maana gani, maana mahali pengine huwekwa kwenye mti unaoondoka na pengine kwenye unaobaki. Huhitaji kumjua mtu ndani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nayo ya 2016, inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako la maandishi. Ukiambiwa mpango haupo, au muda wake umekwisha, majirani wana hoja nzito hata kama miti yenyewe ilistahili kukatwa.

Sasa miti. Mikaratusi ililetwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na sababu mojawapo ilikuwa kuni za injini za reli. Ndiyo maana misitu ya Nairobi imejaa mistari yake iliyonyooka. Hunywa maji mengi, na chini yake vichaka vya asili mara nyingi huwa hafifu. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa, niko upande wa kukata, hasa kando ya vijito. Ila namna ya kukata ndiyo inayoamua kama msitu wa asili utarudi.

Tazama kisiki. Mkaratusi ukikatwa haufi. Unachipua, na chipukizi lina mizizi ya mti mzima chini yake, kwa hiyo litaushinda mche wowote utakaopandwa kando. Mtu anayetaka miti ya asili kweli huua kisiki kwa dawa, au huyakata machipukizi tena na tena hadi kichoke. Anayetaka nguzo nyingine baada ya miaka kadhaa huyapunguza, akabakisha machache yaliyonyooka. Ukikuta kila kisiki kina machipukizi mawili matatu yaliyotunzwa vizuri, na bango linasema wanarejesha msitu wa asili, bango linadanganya.

Tazama pia upana wa sehemu iliyofyekwa na njia za kuburutia magogo. Hata pale vichaka vilipo hafifu, chini ya mikaratusi mikongwe huweza kuwa na miche ya asili iliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizoletwa na ndege, na hiyo ni mali kuliko mche wowote wa kitaluni. Trekta likipita kila mahali, hasa ardhi ikiwa mbichi, miche hiyo inakwisha na udongo unashindiliwa. Ndiyo maana mimi hupendekeza vipande vidogo vidogo, kwa awamu, wakati wa kiangazi, magogo yakitolewa kwa njia chache zilizopangwa. Uwanja mkubwa ulioachwa wazi kwa mkupuo hutekwa na lantana, kichaka vamizi cha kigeni, kabla hujageuka. Miti ya asili kama mukinduri huvumilia jua na hukua haraka, basi hutangulizwa. Muhugu hukua polepole mno, na ukiupanda peke yake kwenye jua kali bila palizi ya miaka miwili mitatu, umetupa pesa.

Mbona hasira basi, ikiwa jambo ni la kitaalamu? Kwa sababu watu wana kumbukumbu. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa wakipinga kugawiwa kwa ardhi ya msitu wa Karura, hapa Nairobi, kwa wajenzi binafsi. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90, kukiwa na malalamiko ya mito kukauka na ufisadi katika uvunaji, kisha marufuku ikaongezwa mara kwa mara. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kuiondoa, akitaja miti iliyokomaa inayooza msituni, na Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Hoja ya kuoza ilikuwa ya kweli kwa mashamba ya saiprasi na misonobari. Haikuwa jibu kwa anayeuliza nani anahesabu magogo yanayotoka.

Kuhusu wakili: Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Njia ipo. Lakini amri ya kusimamisha kila kitu katikati ya kazi huacha visiki vikichipua na lantana ikijaa, kwani hata mpalizi atazuiwa langoni. Mkifika huko, ombeni mpango, mkataba wa mauzo na ratiba ya kupanda viwekwe mezani, na ukataji pekee usimame, matunzo yaendelee.

Kabla ya kumlipa wakili, andikeni barua ya kuomba taarifa, ipigwe muhuri wa kupokelewa, mhesabu siku 21. Wakati mnasubiri, piga picha za visiki kutoka sehemu ile ile kila mwezi, zikiwa na tarehe. Mvua zikishapita, hesabu miche iliyo hai katika eneo la mita 20 kwa 20. Barua ikijibiwa kwa idadi ya miche iliyopandwa, mtakuwa na yenu ya kulinganisha nayo.