Ujumbe umevurugika, haukupotoshwa

Mwalimu wa Masasi ananiuliza: mwanafunzi wake alikuta ujumbe wa simu ulioelezwa kwa neno la Kiingereza "garbled", akatafsiri "ujumbe uliopotoshwa". Je, apewe maksi? Na neno hilo la Kiingereza limetoka wapi?

Asipewe. Asili yake kwa kifupi: Waarabu husema gharbala, yaani kuchekecha, na chekecheke yenyewe ni ghirbal. Waitaliano walilichukua kwenye biashara ya viungo, likafika Uingereza karne ya 15, na London ikawa na ofisa wa kuchekecha viungo, atoe takataka. Karne ya 17 likageuka: sasa yanachekechwa maneno, yanabakizwa yanayomfaa msemaji. Leo zaidi ni maneno yaliyovurugika hata hayaeleweki.

Sasa "kupotosha". Neno hili tunalichosha mno! Mtu akikosea tarehe, kapotosha. Spika ikikoroma, sauti imepotoshwa. Mwenzako akikataa hoja yako, mpotoshaji. Hapana, jamani. Kupotosha ni kumtoa mtu njiani ukampeleka kombo, na mtandao ukikatika haujampeleka mtu popote.

Njoo Lindi msimu wa ufuta. Nje ya ghala mama anatikisa chekecheke. Mbegu zinapita, vijiti na maganda yanabaki juu, vumbi limemkaa mpaka kwenye nyusi. Mnada umeshasomwa, bei ya juu na bei ya chini. Kijana anampigia babu yake kijijini, mtandao wa shida, babu anaambulia "bei... elfu... chini". Ujumbe umevurugika, basi. Kijana hana kosa, simu haina nia.

Jioni anakuja mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua kwa wakulima kichinichini, nje ya mnada. Anamwamkia mzee shikamoo, anakaa naye barazani, anamtajia bei ya chini. Ya juu anaimeza. Mzee anapima ufuta wake hapo hapo, anauza kwa hasara. Kila alichosema yule bwana ni kweli, na ndiye aliyepotosha. Kachekecha habari kama yule mama anavyochekecha ufuta, ila yeye kamwachia mzee maganda. Tukimwita mpotoshaji kila aliyeteleza ulimi, huyu tutamwita nani?

Mwanafunzi aandike "ujumbe uliovurugika". Mwalimu akiona huruma ampe nusu maksi, maana hili kalisikia kwa sisi watu wazima, kila siku, redioni.