Wadogo zangu, msuli mmoja hautafuni

Nimewasikiliza tena mkiulizana maswali ya viva, mtihani wa ana kwa ana, kuhusu misuli ya kutafuna. "Maseta inafanya nini?" "Inafunga mdomo." Basi, mnahamia swali jingine. Orodha mnayo, taya bado hamjalielewa, na wodini hamtakutana na orodha.

1. Anzeni na vidole, madesa (noti zenu) baadaye. Weka vidole kwenye pembe za taya, uma meno: kinachotuna hapo ni maseta. Pandisha vidole hadi kwenye panja: hiyo ni temporali. Sasa tafuteni matobolwa makavu sokoni (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), mtafune polepole kwa upande mmoja huku mmeshika pande zote mbili. Upande wenye chakula unakaza zaidi, lakini wa pili haulali. Pande zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja kwa nguvu yake, na mdundo unatoka kwenye shina la ubongo.

2. Wanaofunga ni maseta, temporali na pterigoidi ya ndani. Anayefungua ni pterigoidi ya nje, akisaidiwa na dijastriki na wenzake wa chini ya kidevu. Nyuzi za nyuma za temporali hurudisha taya nyuma. Hayo karirini tu.

3. Pterigoidi ya nje ndiyo inayowaangusha kila mwaka. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wote kundini kwake, aliulizwa mbele ya mama mmoja aliyeletwa kutoka Ukerewe. Mama akifungua mdomo, kidevu kinakwenda kulia. Upande upi ni dhaifu? Kijana akajibu kushoto, kwa sauti ya kujiamini, eti taya linakimbia ugonjwa. Alijua msuli unaanzia wapi, unaishia wapi, neva yake ipi. Akatumwa akasome upya, na nilimkuta koridoni machozi yakimlenga. Iliniuma, kwa sababu hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwambia aufikirie msuli ukivuta.

Tazameni watu wanaopiga kasia ziwani: ukipiga upande wa kulia peke yake, mtumbwi unageukia kushoto. Pterigoidi ya nje ya kulia huvuta kondili ya kulia (kichwa cha taya kwenye kiungo chake) mbele, kidevu kikaenda kushoto. Ya kulia ikilegea, ya kushoto inavuta bila mpinzani, kidevu kinakwenda kulia. Yaani taya linaelekea upande mgonjwa. Ukitafuna kwa magego ya kulia, ni pterigoidi ya nje ya kushoto inayolipeleka taya kulia, kisha wafungaji wanalipandisha na kulirudisha katikati, na chakula kinasagika njiani. Mkilishika hili, hamtalisahau hata usingizini.

4. Buksineta, msuli wa shavu, ni ya neva ya saba (ya uso), siyo ya tano inayoendesha misuli ya kutafuna! Lakini bila yake na ulimi, magego yangesaga hewa. Mgonjwa wa neva ya saba utamkuta na tonge la ugali limekwama shavuni.

5. Taya likichomoka, wafungaji hukaza na kulishikilia huko huko mbele. Kwa hiyo sukuma chini kwanza, ndipo nyuma. Ukianza na nyuma unaigongesha kondili kwenye mwinuko wa mfupa ulioachwa nyuma yake. Na vidole gumba vizungushie bendeji nene kabla hujavitia mdomoni, maana likirudi mahali pake, maseta na wenzake hufunga kwa nguvu zao zote.