Oili nzito haitibu klachi inayoteleza

Swali: Nina Yamaha AG100 ya zamani ninayobebea maziwa kutoka Njoro hadi Nakuru mjini. Klachi ilipoanza kuteleza nikipanda mlima, fundi aliweka kwenye giaboksi oili ya difu namba 140, akisema kuwa oili nzito ndiyo hushika. Sasa asubuhi gia ya kwanza huingia kwa kishindo, nyutro haipatikani, na klachi bado inateleza. Niweke oili gani?

Jibu: Imwage oili hiyo leo, injini ikiwa moto, kisha uweke oili ya injini ya pikipiki ya SAE 10W-30 au 10W-40 ambayo chupa yake imeandikwa JASO MA au MA2, alama za Kijapani za oili inayofaa klachi inayokaa ndani ya oili. Baada ya siku chache imwage nayo, kwa kuwa ya kwanza itakuwa imesafisha tu, na ujaze upya kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, ambacho hakifiki lita moja.

Kinachowapoteza watu ni jina lenyewe, oili ya gia. Katika pikipiki yako, plati za klachi zinaogelea katika oili ileile inayolainisha gia, kwa hiyo oili huchaguliwa kwanza kwa ajili ya klachi. Oili ya difu ina kemikali za salfa na fosforasi zinazotanda juu ya chuma ili meno yasikwanguane, na utando huohuo ndio unaozizuia plati kushikana. Wakati huohuo, katika baridi ya alfajiri ya Njoro, namba 140 huwa kama asali: hata ukibana mkono wa klachi, plati hubaki zimegandamana, na ndiyo sababu ya kile kishindo. Oili ya magari yenye alama ya kuokoa petroli ina kasoro ya utelezi pia, na chupa yenye JASO MB haifai klachi ya namna hii.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu karibu kila klachi ya aina hii ninayoifungua imepitia mkono wa mtu aliyeifanya oili kuwa dawa. Nimeshika plati zilizong'aa kama kigae, zikinuka kuungua, ambazo mwenyewe alikuwa amezinunulia oili nzito mara 3 kwa bei inayokaribia ya seti mpya. Plati ikishachakaa au springi ikilegea, hakuna oili itakayoirudisha. Pima kwanza mlegeo wa kebo, uwe milimita 2 hadi 3 kwenye shina la mkono wa klachi. Ukiwa sawa na klachi bado inateleza baada ya oili mpya, fungua ubadilishe plati na springi pamoja.

Hatari kubwa zaidi ni pale oili nzito inapotumiwa kuficha oil sili ya kranki (mpira unaozuia oili ya giaboksi isiingie kwenye kranki) iliyokufa. Injini ya aina hii, ya mipigo miwili (two-stroke), huvuta hewa kupitia tumbo la kranki, na sili ya upande wa klachi ikipasuka, hunyonya oili ya giaboksi na kuichoma. Kipimo cha oili ya giaboksi kikishuka bila kuvuja nje, na moshi mweupe ukiwa mzito hata injini ikishapata moto, usikubali kuongezewa oili ya aina yoyote kabla ya sili hiyo kubadilishwa.