Mercedes: binti kwanza, gari baadaye

Mkuu, umeuliza kama Mercedes ni neno la Kijerumani, na kama kumpa mtoto jina hilo ni kumwita gari. Kinyume chake: gari ndilo lililopewa jina la binti. Emil Jellinek, aliyekuwa akiuza magari ya Daimler, alikuwa na binti aitwaye Mercédès, aliyezaliwa 1889, na mwaka 1902 jina hilo likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Benz, mtengenezaji mwingine wa magari, aliingia kampuni zilipoungana 1926. Sisi tumeng'ang'ania huyo wa mwisho, tukapata "Benzi" na "wabenzi".

Jina ni la Kihispania na ni la Kikatoliki. Kwa ukamilifu huwa María de las Mercedes, Maria wa Rehema, kama alivyoitwa mke wa Mfalme Alfonso XII, aliyefariki 1878. Chanzo chake ni Kilatini "merces", yaani ujira au malipo. Kanisani maana ikasogea hadi fadhila na huruma. Ile ya malipo haikupotea kabisa: shirika la watawa wa Mercedari, lililoanzishwa Barcelona 1218 na Pedro Nolasco, kazi yake ilikuwa kukomboa Wakristo waliotekwa, na watawa waliweka nadhiri ya kubaki rehani badala ya mateka ikibidi. Sikukuu ya Bikira huyo ni Septemba 24.

Neno hilohilo "merced" ndilo limezaa "usted", ile "wewe" ya heshima ya Kihispania. Watu walisema "vuestra merced", fadhila yako, ulimi ukaifupisha karne hadi karne.

Wengi hukosea kwenye tahajia. Kihispania hakiweki alama yoyote juu ya e. Mercédès ni ya Kifaransa. Usiikate s ukidhani ni ya wingi tu, kwa sababu jina ni la wingi tangu mwanzo, sawa na Dolores, jina jingine la Kihispania. Wakatalani, watu wa eneo la Barcelona, ndio wenye umoja: Mercè.

Kutamka ni rahisi kwetu, maana mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho: mer-SE-des. Hiyo ni ya Amerika ya Kilatini. Sehemu kubwa ya Hispania c hiyo ni "th" ya thelathini: mer-THE-des. Nyumbani hufupishwa kuwa Merche, na Meksiko Meche.

Ukitaka maana bila maswali ya gari, Rehema lipo.